Kikohozi cha Mwalimu

Kila jioni, wachimbaji wa Nyarugusu waliporudi kutoka mashimoni, weupe kwa vumbi kama magunia ya unga, walimkuta Mwalimu Eliya ameketi uani anaogesha mawe. Ndiyo, anayaogesha, kama mama anavyomwogesha mtoto: beseni la maji, kipande cha sabuni na mswaki mkuukuu. Akimaliza aliyaanika, kisha akabandika plasta juu ya kila jiwe na kuandika jina lake.

Katika mji wa dhahabu, jiwe huulizwa swali moja tu: unayo au huna? Lisilo nayo huitwa gwangala, hutupwa. Mwalimu Eliya alikuwa akiokota hayohayo yaliyotupwa. Asubuhi alifundisha sayansi, mchana alisahihisha madaftari, na jioni alizunguka na nyundo yake ndogo kando ya lundo la mabaki. Basi wanafunzi wakampa jina: Mwalimu Magwangala.

Noela, msichana wa darasa la sita, ndiye aliyelitamka jina hilo kwa raha kuliko wote. Aliishi nyumba moja na mwalimu huyo, nyumba ya kupanga ya Mama Davis. Chumba cha mwalimu na chumba cha kina Noela vilipakana, na ukuta uliovitenga haukufika juu kwenye bati. Mtu akigeuka kitandani upande huu, upande wa pili wanajua.

"Mwalimu, leo umepata gramu ngapi?" Baba Noela alikuwa akimtania kila akirudi kazini.

"Nimepata mawe mawili, Baba Noela. Tazama hili lilivyo na mistari. Lilikuwepo kabla ya babu wa babu yako."

"Linauzwa?"

"Haliuzwi."

"Sasa la nini? Msomi mzima! Mimi niliishia darasa la nne, lakini sibebi jiwe lisiloleta ugali."

Ua mzima ulicheka, na sauti ya Noela ilikuwa juu ya zote. Alimwona baba yake, Selestine, kuwa mwanamume hasa. Alifanya kazi kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, iliyonguruma tangu alfajiri na kutoa vumbi zito kiasi kwamba mtu hakumwona mwenzake aliyesimama mbele yake. Alikohoa, ndiyo. Lakini nani hakukohoa Nyarugusu? Kikohozi cha karasha kilihesabiwa kama jasho. Mtu alikohoa, akatema mate, akaendelea na kazi, na wenzake wakamwona shujaa. Upumbavu nao una watu wa kuushangilia.

Kisha redio ikatangaza kwamba ugonjwa mpya, korona, umeingia nchini, na shule zote zikafungwa. Limau, ambazo jana zilikuwa zinaoza sokoni, zikawa za kugombaniwa. Kila duka likaweka ndoo ya maji tiririka mlangoni. Siku ya tatu ndoo nyingi zilikuwa tupu, na wenye maduka hawakuona haya. Watu kumi walijifunika blanketi moja juu ya sufuria ya majani ya mwarobaini, wakajifukiza pamoja, wakakoholeana usoni, kisha wakatoka wanatokwa jasho na kusema, "Sasa tumejikinga."

Mwalimu Eliya hakujifunika blanketi la mtu. Aliandika mazoezi kwa mkono na kuyapeleka nyumba kwa nyumba, akisimama mbali na mlango. Hapo ndipo alipogundua kwamba Noela hayupo nyumbani. Alimkuta kwenye karasha, amejifunga kanga kichwani, anachagua mawe katikati ya vumbi. Noela alipenda kuwa pale. Alijiona mtu mzima.

"Noela, toka humo," mwalimu alisema. "Baba Noela, samahani, shikilia kazi yako, lakini mtoto usimlishe vumbi hili. Akibaki hapa, nitakwenda kwa mtendaji wa kata."

Wafanyakazi waliangua kicheko. "Magwangala amekuja kuokota mtoto!" mmoja alipiga kelele. Lakini baba yake Noela, kwa kumwogopa mtendaji, alimwamuru arudi nyumbani. Noela alipita katikati ya vicheko vile uso ukimwaka. Hakumchukia aliyecheka. Alimchukia mwalimu.

Siku chache baadaye, Noela alikuwa anafagia ua asubuhi. Mama Davis alitoka chumbani kwake macho mekundu.

"Shikamoo, Mama Davis."

"Marahaba. Hebu njoo hapa. Nani alikuwa anakohoa usiku kucha huko kwenu? Sijalala mimi. Kile si kikohozi cha vumbi. Kile kinatoka tumboni."

Noela alijua. Alikuwa amelala kwenye mkeka na kumsikia baba yake akizibia kikohozi kwenye mto, na mama yake akinong'ona, "Baba Noela, twende zahanati," na baba akijibu, "Yaya! Hapana! Unataka waniondoe kazini?" Alijua pia kwamba Mama Davis ameapa kumtoa yeyote mwenye korona pamoja na godoro lake.

Angeweza kusema hajui. Lakini macho yake yaliuangukia mlango wa mwalimu, na mawe yaliyopangwa pembeni, na kinywa chake kikafanya kazi kabla ya akili.

"Ni Mwalimu Eliya," alisema. "Tangu atoke Mwanza."

Ni kweli mwalimu alikuwa amekwenda Mwanza kabla ya shule kufungwa, kumwona rafiki yake anayekusanya mawe kama yeye. Uongo ukipata kipande kimoja cha ukweli cha kushikilia, hupanda haraka kama mmea wa kutambaa. Mama Davis hakumaliza hata kunawa uso. Kufikia mchana, mji mzima ulijua kwamba Magwangala ameleta korona kutoka Mwanza ndani ya mawe yake.

Muuza maji akakataa kuyashika madumu yake. Kwenye mgahawa aliambiwa chakula kimekwisha, ilhali sufuria zilikuwa zinafuka mvuke mbele yake. Alipopeleka mazoezi, milango ilifungwa. Na waliofunga milango hiyo jioni walikaa wamebanana kwenye kibanda kimoja kutazama mpira, wakipokezana kikombe kimoja cha kahawa. Noela aliyaona yote. Siku ya kwanza alifurahi. Siku ya pili furaha iliisha, ikabaki hofu, kwa sababu usiku kikohozi cha baba yake kilizidi kuwa kibaya.

Asubuhi iliyofuata kelele zilimwamsha. Uani kulijaa watu, baadhi wakiwa na fimbo. Mama Davis alikuwa ametoa godoro la mwalimu nje, akifuatisha na masanduku ya mawe, akiyamwaga kama takataka.

"Toka nyumbani kwangu! Umekuja kutumaliza!"

"Mama Davis, mimi sikohoi," Mwalimu Eliya alisema. Sauti yake ilikuwa tulivu. "Nisimamishe hapa mpaka jioni, usikie kama nitakohoa."

"Kwa hiyo nimesikia jini? Kikohozi kinatoka ukutani kwako!"

Mwalimu alimtazama Baba Noela, aliyekuwa amesimama mlangoni kwake, midomo ameibana, mishipa ya shingo imemtoka. Kisha akageuza macho.

"Anayekohoa namjua," alisema. "Lakini siwezi kumtaja mgonjwa mbele ya watu wenye fimbo. Mwiteni nesi."

"Anatafuta njia ya kutoroka!" sauti ilisema nyuma, na fimbo moja ikagonga mlango wake.

Bahati nzuri, Mama Noela alikuwa amekwishakimbilia zahanati alipoona fimbo ya kwanza. Nesi Agnetha alifika akihema, barakoa usoni, na hakumsalimia mtu.

"Shusheni fimbo. Kirusi hakipigwi fimbo, ingekuwa hivyo nisingesoma. Na tawanyikeni, mmebanana kama ng'ombe mnadani. Haya, nani aliyemsikia mwalimu akikohoa? Kwa masikio yake."

Watu wakatazamana. Mmoja aliambiwa na muuza maji. Muuza maji aliambiwa na Mama Davis. Mama Davis alinyoosha kidole.

"Mtoto huyu. Wamepakana. Sema, Noela."

Noela akisema uongo tena, mwalimu atapigwa. Akisema kweli, zamu ni ya baba yake. Alimtazama baba yake, na baba yake akamtikisia kichwa polepole: usiseme. Jasho lilimtiririka mtu yule kwa kukizuia kikohozi kifuani. Ghafla Noela aliona kitu ambacho hakuwahi kukiona: yule mwanamume hasa alikuwa anaogopa, na hofu ile ilikuwa inamuua.

"Si mwalimu," alisema. "Mwalimu hajawahi kukohoa. Nilisema uongo. Anayekohoa ni baba."

"Noela!" Baba yake alipiga hatua mbele. "Unaniuza mbele ya…"

Hakumaliza. Kikohozi kilimkamata na kumkunja kama kisu cha mfukoni. Alipoondoa kiganja mdomoni, kilikuwa na damu. Wale waliokuja na fimbo walirudi nyuma haraka, na wa kwanza kufika getini alikuwa yule aliyegonga mlango.

Nesi Agnetha alimpa Baba Noela barakoa, akamkalisha kwenye kigoda peke yake. "Umekohoa tangu lini, baba?"

"Tangu… tangu msimu wa pamba."

"Wa mwaka jana? Mbona korona ilikuwa bado haijasikika popote!" Nesi aliwageukia watu. "Mmesikia? Mtu amekohoa nusu mwaka katikati yenu, mkamwita mchapakazi. Mwalimu hakukohoa hata siku moja, mkamletea fimbo. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini nyinyi mlimsaidia kuyaficha."

Kila mmoja alikumbuka ana shughuli nyumbani.

Baba Noela alipelekwa hospitali, na majibu yalipotoka yalisema ana kifua kikuu, nacho kilikuta mapafu yaliyokwisha kuchoshwa na vumbi. Noela na mama yake walipimwa pia, wakakutwa salama. Dawa zilitolewa bure, nazo zilikuwa za kumezwa kila siku kwa miezi sita bila kuruka. Baba Noela alinung'unika kwamba zinamtia kichefuchefu, lakini alimeza, kwa sababu mke wake alisimama mbele yake na kikombe cha maji mpaka aone zimeshuka. Karasha hakurudi tena. Alipopata nafuu alianza kulima dengu kwenye shamba la kaka yake, akalala usiku bila mto mdomoni.

Mama Davis alimtumia mwalimu, aliyekuwa amekwishaondoka na mawe yake, ujumbe kwamba chumba chake bado kipo. Mwalimu alijibu kwamba chumba ni kizuri, mwenye chumba ndiye mbaya, akapanga kwingine.

Huko ndiko Noela alikomfuata, baba yake akiwa ndiyo kwanza ameanza dawa. Alimkuta anapanga upya mawe yaliyovunjika. Alisimama mbali.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Noela. Baba anaendeleaje?"

"Anaendelea vizuri. Mwalimu, nimekuja kuomba radhi. Nilitaka kumficha baba."

"Kumpenda baba yako si kosa," mwalimu alisema. "Lakini nijibu. Nyumba ile ina wapangaji wengi. Kwa nini kikohozi ulinipa mimi?"

Noela aliinama. Jibu alilijua, nalo lilimuumiza kulitamka.

"Kwa sababu… nilikuwa nakudharau, Mwalimu."

"Hapo umesema kweli ya pili, na hiyo ni ngumu kuliko ya kwanza." Mwalimu Eliya aliweka jiwe chini. "Sikiliza. Mtu unayemheshimu hutamsingizia hivi hivi, ulimi utasita. Unayemdharau, uongo juu yake huwa mwepesi kama kutema mate. Na dharau ina hasara nyingine: inapofusha. Watu hawa walinidharau, wakaona ugonjwa kwangu nisiye mgonjwa. Walimtukuza baba yako, wasimwone anakufa. Ulipoacha kumtukuza na kuniumbua, ukamtazama alivyo, ndipo ulipomwokoa. Nimekusamehe tangu pale. Ila dharau hiyo ukiibakiza, kesho itamtafuta mwingine."

"Siibakizi, Mwalimu."

"Hilo halisemwi, linaonekana. Sasa kaa palepale ulipo, toa kalamu. Una mazoezi ya wiki nzima hujafanya."

Noela alikaa chini, akaanza na swali la kwanza.