Mwanatumu na Chozi wa Mkomamanga

Mwanatumu alikaa Pangani, nyumbani kwa Bibi yake. Uani palikuwa na mkomamanga. Na kwenye tawi la mkomamanga kilining'inia kiota, kidogo kama soksi ya mtoto.

Ndani ya kiota mlikuwa na makinda wawili.
"Chii, chii," walilia.
Mama yao akawaletea buibui.

"Kindege cha kahawia," alisema Hemedi, kaka yake Mwanatumu. "Ndege tu yule."
"Si ndege tu," alisema Mwanatumu. "Yule ni chozi, mfyonza asali ya maua."

Bibi alikuwa na paka. Jina lake Sharubu.
Sharubu alipenda samaki. Bibi alipopaa samaki, kisu kililia juu ya magamba: kwaru, kwaru, kwaru.
Popote alipokuwa, Sharubu alikuja mbio. "Nyaaau."

Asubuhi moja, mama chozi alishuka chini kutafuta buibui.
Sharubu alikuwa nyuma ya mtungi. Kimya. Kimya kabisa.
Pwaa!
Sharubu akamkamata chozi.

"Chii, chii, chii," walilia makinda kiotani.

Hemedi akashika ufagio. "Mwachie, mwizi wewe!"
Hemedi akaenda huku. Sharubu akaenda kule. Mwisho akaingia chini ya kitanda cha kamba pale uani, na chozi mdomoni.

"Usimfukuze, Kaka," alisema Mwanatumu. "Akiogopa, atazidi kukaza meno."
"Basi tumwache. Ndege tu yule."
"Si ndege tu. Yule ni chozi. Na watoto wake wana njaa."

Mwanatumu akafikiri.
"Bibi, kuna samaki?"
"Samaki wa saa hizi, mjukuu wangu? Wavuvi hawajarudi. Hata mkia hamna."

Mwanatumu akatazama jikoni. Akaona kifuu cha nazi. Akaona kijiko.
Akakaa kwenye kibao, kama Bibi anavyokaa. Akakwaruza.
Kwaru, kwaru, kwaru.

Chini ya kitanda, sikio moja likasimama.
Kwaru, kwaru, kwaru.
Sikio la pili likasimama.

Sharubu akatoka mbio. Chozi bado alikuwa mdomoni.
Akamtazama Mwanatumu. Alitaka samaki. Na paka akitaka samaki, lazima alie.
Akafungua kinywa.
"Nyaaau."

Pu! Chozi akaanguka juu ya kanga ya Bibi iliyotandikwa chini.

Hemedi akamdaka Sharubu, akamfungia chumbani.
Bibi akamtazama chozi, bawa hili na bawa lile.
"Hana jeraha. Ameshtuka tu. Lete kawa."

Mwanatumu akaleta kawa la ukili, lile la kufunikia wali. Wakamfunika chozi. Ndani ya kawa mna giza, na hewa inapita.
"Sasa tunyamaze," alisema Bibi.

Wakanyamaza.
Makinda wakalia. "Chii, chii."
"Amekufa?" Hemedi alinong'ona.
"Anapumzika," Mwanatumu alinong'ona.

Wakangoja. Wakangoja tena.
Halafu, ndani ya kawa: prr. Prr, prr.

Mwanatumu akainua kawa polepole.
Prrrrr! Chozi akaruka, juu ya mtungi, juu ya kitanda, mpaka kwenye mkomamanga.
Makinda wakafungua midomo yao yote miwili.

Hemedi akarusha ufagio juu.
"Kaenda! Ndege tu kaenda!"
Mwanatumu akamtazama.
Hemedi akajikuna kichwa. "Chozi," alisema. "Chozi kaenda."

Mchana samaki wakaja. Bibi akampa Sharubu kichwa kizima.
"Haki yake," alisema Bibi. "Leo amelishwa kifuu."
Kisha akamfunga njuga ndogo shingoni. Cheli, cheli.
"Sasa nenda ukavizie," alisema Hemedi.

Sharubu akaenda nyuma ya mtungi. Cheli, cheli.
Chozi akasikia. Prrr! Akapanda juu ya tawi.

Usiku ukaingia. Kwenye mkomamanga, mama chozi aliwafunika watoto wake.
Na Sharubu akapanda kitandani kwa Mwanatumu.
Cheli, cheli. Cheli. Che...
Kimya.