Maneno Meupe Chini ya Ukurasa

Vibuyu vya Muthoki vilining'inia chini ya paa la kibanda, zaidi ya sitini, kila kimoja na kamba yake. Upepo ukipita, mbegu zilizokauka ndani zililia. Cha-cha-cha. Halafu kimya.

Majirani wa Migwani walikuwa wameizoea sauti hiyo. Muthoki mwenyewe hakuisikia tena. Akitoka shambani, aliketi kibandani na kuanza kazi. Alitia maji na kokoto ndani ya kibuyu, akakitikisa mpaka nyama yote ya ndani ikatoka. Kikikauka, alikichora kwa waya wa moto. Maharusi walipenda kuchorewa majina yao. Mume wake Musembi alikuwa mzee wa kanisa. Binti yao Mbula alikuwa ameolewa Sultan Hamud. Kwa hivyo watu walimwita Muthoki Mama Mbula.

Siku hizi wanunuzi walikuwa wachache. Mwezi wa kwanza, Muthoki alimwendea Nthiwa, mwenye duka la kompyuta pale sokoni, amtengenezee tovuti.

"Mtu akitafuta kwa simu, wewe ndiye utatokea juu," Nthiwa alimwambia, akijikuna kipara. "Hao watu wa Google mimi nawajua vizuri."

"Wao wanakujua?" Muthoki aliuliza.

Nthiwa alicheka peke yake.

Wiki tatu zikapita, simu haikulia. Wiki ya nne ikalia.

Ilikuwa saa saba mchana. Jua lilikuwa kali hata kuku walikuwa wamejificha.

"Wewe ndiye mama wa vibuyu?" Ilikuwa sauti ya mwanamke. Alinong'ona.

"Ni mimi. Karibu."

"Vinaongea?"

Muthoki akacheka. "Vinalia tu, mama. Ni mbegu."

Yule mwanamke hakucheka. Muthoki alimsikia akipumua. "Basi nimefika," akasema, kisha akakata simu.

Kesho yake, saa ile ile, simu ikalia tena. Sauti ilikuwa ile ile.

"Nikikupa jina lake linatosha? Ama nilete na picha?"

Muthoki alifikiri ni mambo ya harusi. "Jina linatosha. Anaitwa nani?"

"Kathini."

"Jina zuri. Ni zawadi?"

"Eeh," sauti ikasema. "Tuseme ni zawadi."

Muthoki alichagua kibuyu chenye shingo ndefu. Alichora jina la Kathini kwa herufi kubwa, akakining'iniza pamoja na vingine. Asubuhi alikikuta kimepasuka. Ufa ulianzia mdomoni ukashuka mpaka chini. Ulikuwa umepita katikati ya jina.

"Ulikipasha moto kupita kiasi," Musembi alisema.

"Miaka ishirini nachora, Baba Mbula. Umewahi kuona kimoja kikipasuka hivi?"

Musembi aliutazama ule ufa. Alichukua jembe lake akaenda shambani.

Simu ziliendelea kulia, na nyingi zilikuja mchana. Mwanamume mmoja aliuliza kama kazi inafanyika hata kwa mtu aliye ng'ambo. Mwingine aliuliza kama aje na kuku. Wengine hawakusema chochote. Walipumua tu, kisha wakakata. Muthoki alianza kuisikia tena ile sauti ya mbegu. Cha-cha-cha. Ikinyamaza, alijikuta ameacha kazi na anasubiri.

Siku ya Alhamisi gari jeupe lilisimama langoni. Akashuka mwanamke aliyevaa miwani nyeusi. Alivua viatu akaviacha langoni. Kisha akageuka, akaanza kuingia uani kinyumenyume.

"Mama, utaanguka!" Muthoki akapaza sauti.

"Niliambiwa nisikutazame usoni kabla hujanikubali."

"Nani alikuambia?"

"Watu wanajua." Mwanamke alifika mlangoni mwa kibanda, mgongo wake ukiwa mbele. Mkono wake mmoja ulitokea nyuma, umeshika kitambaa kilichofungwa. "Huu ni mchanga wa unyayo wa Kathini. Nataka aondoke kwa mume wangu."

Muthoki alirudi nyuma hatua mbili. "Ai, mwaitu! Mama, toka hapa! Hii ni boma ya mzee wa kanisa!"

"Wote husema hivyo kwanza," yule mwanamke alijibu taratibu. Aliweka kitambaa chini, akatembea mpaka langoni, akavaa viatu vyake akaondoka. Hakugeuka hata mara moja.

Ng'ambo ya ua, Kasyoka wa kwaya alikuwa akianika nguo. Alisimama na shuka mkononi, mdomo wazi. Jua lilipotua, Migwani yote ilikuwa imesikia.

Jumamosi Musembi alirudi kutoka mkutanoni. Aliketi bila kuvua kofia.

"Wameniita," alisema. "Kesho kutwa ni Jumatatu. Jumapili inayofuata, baada ya ibada, mimi na wewe tutasimama mbele ya wazee. Wanasema mke wangu anaagua."

"Na wewe unasemaje?"

Musembi aliinua macho akavitazama vibuyu. "Mimi nasema sielewi kwa nini wanakuja hapa."

Jibu hilo lilimchoma Muthoki kuliko maneno ya Kasyoka. Alikuwa na siku nane. Asipojua watu wale wanatoka wapi, angepoteza jina lake kanisani, na nani angenunua kibuyu kwa mwaguzi? Na mbaya zaidi, mume wake alikuwa ameanza kuviogopa vibuyu.

Jumatatu jirani yake Hasina alipiga hodi. Babu yake Hasina, Mzee Mikail, alikuja kutoka pwani zamani akafungua duka Mwingi. Hasina mwenyewe alizaliwa huku, na Kikamba chake kiliwashinda wengi. Kazi yake ilikuwa kuandika habari za tovuti za watu. Aliandikia nyumba ya wageni ya Sultan Hamud. Aliandikia pia wauzaji wa matunda wa Kibwezi.

"Nimesikia umekuwa mganga," Hasina alisema. "Na hukuniambia, jirani yako! Nina mpangaji hataki kuhama."

Muthoki alitaka kulia, lakini akajikuta anacheka. Kisha akaeleza yote.

"Umemuuliza hata mmoja alikupataje?" Hasina akauliza.

"Hapana."

"Hilo ndilo swali la kwanza la biashara, Mama Mbula. Hebu mpigie mmoja."

Walimpigia yule mwanamume wa kuku. Hasina akauliza kwa upole alipata wapi namba hii.

"Kwa Google," alijibu. "Nilitafuta mganga wa Ukambani. Mkatokea."

Hasina alifungua kompyuta yake. Tovuti ya Muthoki ikaonekana: picha moja ya vibuyu, namba ya simu, na sentensi mbili. Chini yake hapakuwa na kitu. Palikuwa peupe tu, na weupe ule ulishuka na kushuka.

"Ukurasa mfupi namna hii, kwa nini una mkia mrefu hivi?" Hasina alisema. Aliweka kidole, akaburuta kutoka juu mpaka chini.

Weupe ukageuka buluu. Ndani ya ile buluu, maneno yakaanza kuinuka, mstari kwa mstari, kama watu waliokuwa wamelala shambani wanaamka wote pamoja. *Mganga wa Kitui. Mganga wa kweli Ukambani. Kumrudisha mume. Kumfunga adui. Kibuyu kinachoongea. Mganga wa Kitui. Mganga wa Kitui.* Yalijaa kioo. Hasina akaendelea kuburuta, nayo yakaendelea kuinuka.

Kibandani hapakuwa na upepo. Hata hivyo, kibuyu kimoja kililia. Cha.

"Funga," Muthoki akasema. "Funga hiyo kitu!"

"Sifungi. Yapo siku zote, hata tukifunga." Hasina alipiga picha za kioo, moja baada ya nyingine. "Haya ni maandishi meupe juu ya karatasi nyeupe. Jicho lako haliyaoni. Google haisomi kwa jicho. Inasoma kila neno, halafu inawaletea watu wanaouliza maneno hayo."

Walikwenda kwa Nthiwa mara moja. Nthiwa hakukana. Jasho tu lilimtoka kiparani.

"Mama, niliangalia watu wanauliza nini kuhusu Kitui," alisema. "Watu wa nje wakisikia Ukambani, wanafikiria uganga. Na wewe unauza vibuyu. Nikaona tuwavute kwanza, wakifika watanunua tu."

"Ulinifungulia mlango usio wangu," Muthoki akamwambia. "Na ukaniacha nikae mlangoni peke yangu."

"Na Google ikigundua umeficha maneno," Hasina akaongeza, "inaweza kuishusha tovuti yote mpaka isionekane tena. Futa sasa hivi, tukiona."

Nthiwa akafuta. Ilimchukua muda mfupi sana.

Jioni Hasina alichukua kalenda ya mwaka jana, akaigeuza upande usioandikwa. "Sasa tupange," alisema. "Wateja wako wa kweli, wa pale sokoni, huuliza nini?"

"Huuliza bei."

"Na baada ya bei?"

Muthoki akafikiri. "Huuliza uchungu wa kibuyu kipya utatolewaje. Huuliza kama maziwa yataharibika. Kama nachora jina. Kama naweza kukituma Mombasa kisivunjike. Na kikipasuka, wafanye nini."

Hasina aliandika kila swali kwenye mstari wake. "Umeona? Huo ndio mpango. Kila swali lipate ukurasa wake. Usichanganye. Kichwa cha ukurasa kiwe kwa maneno ya mteja mwenyewe, vile anavyouliza. Jibu lije mapema, asihangaike. Kisha weka picha yako, uliyopiga hapa, na uandike chini yake ni picha ya nini."

"Picha nzuri zipo kwenye tovuti za wengine."

"Ziache huko. Maneno yao pia yaache. Wewe unajua vibuyu, wao wanajua kuiga." Hasina akaendelea. "Picha ziwe nyepesi, ukurasa ufunguke haraka hata kwa simu ndogo. Taja Migwani, watu wajue uko wapi. Ukitaja uchungu kwenye ukurasa wa maziwa, weka kiungo, msomaji abonyeze afike kule. Andika ukurasa mmoja kila wiki."

"Na nitatokea juu lini?"

"Sijui. Labda miezi. Anayekuahidi siku, mkimbie."

Muthoki akatazama kile kitambaa cha mchanga. Kilikuwa bado mlangoni. Hakuna aliyethubutu kukigusa. Hasina alikiokota, akakifungua, akaumwaga mchanga kwenye kitalu cha mboga.

"Mchanga ni mchanga," alisema. Lakini alinawa mikono mara mbili.

Jumapili ikafika. Wazee watano waliketi nyuma ya madhabahu. Muthoki alisimama kando ya Musembi. Aliwaonyesha picha za maneno meupe, akaeleza yalivyoingia na yalivyofutwa. Mzee Muindi, mkuu wao, alizitazama kwa muda mrefu.

"Na watu hawa," akauliza, "waliotafuta haya maneno wakakufikia, ni wangapi?"

"Tovuti hutoa ripoti," Muthoki akasema. "Mwezi mmoja, watu mia nne na kumi na wawili."

"Mia nne!" Mzee mmoja akapiga mluzi. "Wanatoka wapi?"

"Ripoti inakisia tu. Nairobi ni wengi. Na wengine Mombasa." Muthoki alisita. "Na thelathini na mmoja ni wa upande huu wetu."

Nje watoto walikuwa wakicheza, sauti zao zikasikika wazi. Wazee hawakutazamana. Mmoja alianza kufuta miwani yake.

"Nafikiri mama ameeleza vizuri," Mzee Muindi akasema mwishowe. "Tuombe tuende nyumbani."

Njiani Musembi alimshika mkono, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele ya watu. "Nilipaswa kuuliza swali, Mama Mbula, si kuogopa," alisema. Jioni ile alibeba kiti chake akaketi kibandani, chini ya vibuyu.

Muthoki akaandika. Wiki ya kwanza aliandika jinsi ya kutoa uchungu. Ya pili aliandika kuhusu maziwa. Musembi alimshikia taa ya simu wakati wa kupiga picha, akilalamika kwamba mkono unauma. Mwezi ukapita bila kitu. Mwezi wa pili, mtu wa Machakos akapiga. Mwezi wa nne, ukitafuta jinsi ya kutoa uchungu wa kibuyu kipya, Muthoki alikuwa wa kwanza kabisa kwenye orodha. Hoteli moja ya Kibwezi iliagiza vibuyu arobaini vya kuwekea taa. Simu za kunong'ona zilipungua, kisha zikakoma. Kikundi cha akina mama kikaja kumwomba awafundishe, na Kasyoka ndiye aliyetangulia kuketi.

Ukurasa wa mwisho katika mpango ulikuwa wa vibuyu vilivyopasuka. Muthoki alikosa kibuyu cha mfano. Kisha akakumbuka kile cha shingo ndefu. Alikitoa kwenye kona, akatoboa mashimo madogo pande zote mbili za ufa, akakishona kwa uzi wa katani, taratibu, herufi kwa herufi, mpaka jina likakutana tena. Akakipiga picha, kisha akakining'iniza tena pamoja na vingine.

Siku moja, saa saba mchana, simu ikalia. Jua lilikuwa kali, na kuku walikuwa wamejificha. Muthoki alisikia mtu akipumua. Nywele zikamsimama.

"Mama wa vibuyu?" Ilikuwa sauti ya mwanamke, lakini hakuwahi kuisikia.

"Ni mimi. Karibu."

"Kile kibuyu ulichoshona, kwenye picha. Bado kipo?"

"Kipo."

"Nakitaka. Kina jina langu."

Mbegu zililia chini ya paa. Cha-cha-cha. Muthoki alifungua daftari lake, akashika kalamu. Hakumuuliza ameolewa wapi, wala kama anamjua mwanamke wa miwani nyeusi. Aliuliza swali analomuuliza kila mteja siku hizi.

"Umenipataje, Kathini?"

"Nilitafuta kwa simu," sauti ikajibu. "Niliuliza, kitu kilichopasuka kinashonwaje."

Muthoki akaandika maneno hayo, vile vile alivyoyasikia. Kisha akasimama, akakishusha kibuyu.