Kutu Mpya kwenye Shoka la Zamani

Inspekta Nangobi alikuwa bado amepiga magoti, utepe wa kupimia mkononi, Konstebo Akello akiushika upande wa pili karibu na mwili wa Margret. Katikati yao palikuwa na gogo, na kando ya gogo mpini mtupu. Kichwa cha shoka kilikuwa kimelala karibu na birika. Chai ilikwisha kunywewa na vumbi.

Margret aliwauzia chai wenye maduka wote wa upande huu wa Mbale, chini ya mlima Wanale. Kichwa cha shoka kilimpata juu ya sikio.

"Nani alikuwa ameshika shoka?"

"Mimi, afande." Lukman, seremala, aliendelea kupangusa viganja kwenye suruali. "Nilikuwa najaribu kabla ya kununua. Lilikata vizuri kabisa. Nikainua tena, nikasikia mkono umekuwa mwepesi. Kugeuka, mama yuko chini."

"Mliwahi kugombana?"

"Na Margret? Nani anagombana na mtu wa chai?"

Nangobi alimgeukia mwenye kibanda cha mashoka, kijana aliyeitwa Shafik. Kabla hajauliza, Shafik alijibu.

"Mimi nauza tu, afande. Mwenye kutengeneza ni mjomba wangu Adrisi, kule Walukuba, Jinja. Anakusanya mashoka ya zamani, yale ya Waingereza, anatoa kutu, anatia mpini. Mimi mkono wangu haumo."

Lukman alimtazama kwa jicho la pembeni. Nangobi aliliona jicho hilo, akaliacha lipite. Watu wengi husema haraka wakiogopa.

"Funga kibanda," alisema. "Tutarudi."

Shafik aliteremsha ubao wa dirisha, akaukaza kwa ndani kwa mti uliolainishwa, kisha akatoka na kufunga mlango.

* * *

Adrisi aliletwa kutoka Jinja siku iliyofuata. Alikuwa Mnubi mtu mzima, kofia nyeupe kichwani, kucha zimeingia weusi wa chuma. Mkuu wa upelelezi alitaka faili liende kwa mwendesha mashtaka upesi: mtu ameuza shoka bovu, mtu mwingine amekufa. Kwake hapakuwa na la kuchunguza.

Nangobi aliweka vielelezo mezani.

"Mzee, hiki kichwa ni chako?"

"Changu. Nilikitoa Masese, kilikuwa kinazuia mlango wa banda la samaki."

"Na mpini?"

Adrisi aliuchukua. Alipitisha kidole gumba kutoka chini hadi juu, polepole, kama mtu anayesoma. Kidole kilisimama karibu na ncha, pale kabari inapoingia. Uso wake ulibadilika.

"Ni wako?"

"Andika ni wangu."

"Sikuuliza niandike nini."

"Afande, mtu amekufa na shoka langu. Andika, niweke kidole, mnipeleke."

"Unaweza kufungwa."

"Najua."

Nangobi hakuandika. Mtu asiye na hatia hujitetea, na mwenye hatia hujitetea zaidi. Huyu hakujitetea kabisa. Alikuwa anamficha nani?

Alimulika tochi ndani ya tundu la shoka. Nje, chuma kiling'aa kama kijiko. Ndani ya tundu palikuwa na kutu nyekundu, laini kama pilipili ya kusaga. Kutu ya zamani huwa nyeusi na ngumu. Hii ilikuwa ya juzi.

* * *

Karakana ya Walukuba ilinuka siki na mafuta ya kitani. Hadijah, binti ya Adrisi, alisimama mlangoni, mikono kifuani.

"Mmemchukua baba, sasa mmekuja kuchukua na misumari?"

"Nimekuja kutazama, dada."

Vichwa vya mashoka vilikuwa vimelowekwa kwenye siki ili viachie kutu. Darini kulikuwa na miti ya mpera ikikauka. Ukutani mipini ilisimama kichwa chini ndani ya bomba lililojaa mafuta.

"Hii inakaa humu kwa nini?"

"Mpaka ishibe, isinywe maji. Hakuna mpini wa baba unaotoka hapa kabla haujashiba mafuta. Shafik alikuwa anamcheka, eti mzee anailisha mipini kama watoto."

"Shafik alijifunza hapa?"

"Tangu mdogo. Anachonga vizuri. Baba hajawahi kukubali."

Nangobi aliomba mpini mmoja na kikombe cha maji. Alidondosha tone kwenye ncha. Tone lilibaki limesimama, duara, kama shanga. Kisha akafungua mfuko wa kielelezo, akadondosha tone jingine kwenye ncha ya mpini ulioua.

Lilizama palepale.

Hadijah aliona. Mikono yake ikashuka. "Huo si wa baba," alinong'ona.

Njiani kurudi Mbale na Akello, walipovuka mji wa Iganga, Nangobi alikuwa bado ameupakata mfuko wa kielelezo. Kama mpini si wa Adrisi, wa Adrisi uko wapi? Ndipo alipokumbuka dirisha la kibanda.

* * *

Shafik alifungua mlango taratibu. Nangobi alipita moja kwa moja, akachomoa ule mti uliokaza dirisha. Ulikuwa mpini wa shoka. Alitia tone la maji. Likasimama.

"Huu umefikaje dirishani, Shafik?"

"Ni... ni mti tu, afande."

"Mjomba wako ameushika ule mwingine. Ameujua mkono wako kwa kidole gumba. Ameniambia niandike ni wake."

Shafik alikaa juu ya ndoo.

"Amesema hivyo?"

"Anasubiri kufungwa kwa ajili yako."

Nje, boda ilipiga honi.

"Kila mpini niliochonga alinirudishia," Shafik alisema. "'Bado, Shafik.' Nikatoa wa kwake, nikatia wangu. Nilitaka kuona kama wateja watajua. Hawakujua! Walisifu. Lakini walikuwa wanamsifu yeye."

"Mpini wako ukalegea."

"Kichwa kilianza kucheza. Nikaliloweka shoka kwenye beseni usiku, mti ukavimba, likakaza. Watu wote wanafanya hivyo."

"Ndiyo ile kutu mpya tunduni. Wanafanya kwa shoka lao, nyumbani. Wewe ukalianika juani kwa wateja, mti ukakauka na kusinyaa."

"Sikutaka Margret afe."

"Na mjomba?"

Alifunika uso. "Niliogopa."

"Mbona hukuuchoma mpini wake?"

"Nani anachoma mpini kama ule, afande?"

Akello alimfunga pingu. Nangobi alikuwa ameshafika mlangoni aliposimama.

"Lilikuwa hilo moja tu?"

Shafik alitikisa kichwa. "Kuna jingine. Alilichukua mama mmoja wa Wanale. Simjui jina. Alisema ni la kupasulia kuni za harusi."

* * *

Jioni Adrisi alirudishiwa kofia na viatu. Hakuelekea kwenye basi la Jinja. Alikaa kwenye benchi la kituo.

Akello alikuwa kwenye simu, akirudia tangazo kwa mtangazaji wa redio ya mji: shoka lile lisitumike, liwekwe chini, watoto wasiliguse.

"Nenda nyumbani, mzee," Nangobi alisema. "Tutapanda Wanale alfajiri, nyumba kwa nyumba."

"Hamtalijua. Kwa macho mpini ni kama wangu. Amechonga vizuri, yule."

"Uliwahi kumwambia?"

Adrisi alitazama mlango wa mahabusu, kisha mikono yake.

"Nitakuja nanyi," alisema.

Mlimani juu, giza likiingia, mtu alikuwa bado anapasua kuni. Wote watatu walisimama, wakasikiliza.