Taa ya Mlangoni

Jumamosi asubuhi, katika uwanja wa vyuma chakavu, watu wawili walishika televisheni moja. Mmoja aliishika kushoto, mwingine kulia, na hakuna aliyetaka kuachia. Mwenye uwanja aliwatupia jicho kutoka nyuma ya mizani yake, kisha akaendelea kupima nyaya za mteja mwingine.

Msichana alivaa sketi ya njano yenye mifuko mikubwa, na katika mfuko mmoja ilichungulia bisibisi. Ndiyo maana mtaani walimwita Bisibisi. Siku za kazi alikuwa karani wa masjala katika zahanati. Jumamosi alikuja hapa kutafuta mitambo iliyokufa. Kijana alivaa shati jeupe lililopigwa pasi hadi mikono yake ikasimama, na alinukia poda ya kunyolea.

"Dada, hii nimeiona mimi kwanza."

"Umeiona. Umeitikisa?"

"Niitikise kwa nini?"

"Tikisa usikie."

Akaitikisa. Ndani kukasikika mlio kama wa kokoto kwenye kopo.

"Kioo kimevunjika," Bisibisi alisema. "Hiyo haitaonyesha mpira mpaka kiama."

"Sasa wewe unaitakia nini maiti?"

"Nyuma ya kioo kuna taa ndogo arobaini, zote nzima. Nazitaka hizo."

Kijana akaachia upande wake. "Mimi ni kinyozi. Nilitaka wateja wapate cha kutazama wakisubiri zamu. Kumbe nusura niwaletee msiba dukani."

Bisibisi alicheka bila kukusudia. Kinyozi akaibeba ile televisheni hadi nyumbani kwa Bisibisi, ghorofa ya pili, na njia nzima hakukubali kupokewa.

Chumba cha mbele kilikuwa na meza moja, pasi ya kulehemu, na rafu iliyojaa makopo ya maziwa ya unga: kopo la skrubu, kopo la springi, kopo la mota ndogo zilizotoka kwenye printa. Dirishani alikaa mama yake Bisibisi, akifuma. Masikio ya mama yalikuwa yakififia kwa mwaka wa pili sasa. Midomo ya mtu aliisoma vizuri, lakini sauti yake mwenyewe hakuweza tena kuipima, na siri zake zote zilisikika hadi ghorofa ya chini.

"Shikamoo, Mama," Kinyozi alisema.

"Marahaba, baba. Mwanangu, huyu ana mabega mazuri."

Bisibisi aliinamia televisheni kama mtu aliyepoteza skrubu. Kisha, ili kubadili mazungumzo, akaeleza. Alikuwa akitengeneza taa ya mlangoni. Kisahani chembamba cha shaba, alichokitoa kwenye saa ya kengele, kingebandikwa nyuma ya mlango. Mtu akibisha, kingehisi mtikisiko, na zile taa za televisheni zingewaka mbele ya macho ya mama. Mchana kutwa mama alikuwa peke yake. Watu walibisha, wakachoka, wakaondoka.

"Itakuwa tayari lini?" Kinyozi aliuliza.

"Wiki tatu, nikiacha uvivu."

Siku nne baadaye Kinyozi alileta mashine ya kunyolea iliyogoma kuwaka. Bisibisi akaibadilishia mota kutoka kopo la tatu, na mashine ikanguruma. Wiki iliyofuata ilikuja redio. Kisha birika la umeme. Kila kitu kilikuja kimefungwa kwenye taulo safi, na kila kitu kilimlia Bisibisi jioni nzima, maana Kinyozi alikaa kando ya meza akimshikia tochi na kumchokoza.

"Fundi wangu, ukinioa mimi utanitoza ufundi?"

"Nitakutoza mara mbili. Wewe ni mteja msumbufu."

"Na ukinikuta nimeharibika?"

"Nitakutoa vipuri."

Usiku walipigiana simu, wakazungumza hadi masikio yakapata moto. Walishaitana mpenzi, kwanza kwa utani, halafu bila utani. Mama peke yake ndiye aliyekuwa na neno.

"Mbona vitu vya kijana huyu vinaharibika sana?" alisema siku moja, Kinyozi mwenyewe akiwa mezani. Kinyozi akaiangusha tochi.

Wiki tatu zikawa saba. Taa ya mlangoni ilibaki kwenye kisanduku chini ya meza.

Ndipo alipokuja mama mdogo. Alisafiri tangu alfajiri kumtembelea dada yake. Bisibisi alikuwa kazini, simu yake kaiacha kwenye droo ya masjala. Mama mdogo alibisha kwa nusu saa, akaketi ngazini, akabisha tena, kisha akaondoka kuwahi gari la kurudi. Nyuma yake aliacha kikapu cha mayai na karatasi: *Dada, nilikuja.* Mama aliisoma akiwa amesimama. Kwa mara ya kwanza kwa muda mrefu, aliongea kwa sauti ndogo.

"Nilikuwa hapa hapa," alisema. "Nilikuwa hapa, nafuma."

Jioni ile Bisibisi alitaka kuimaliza taa, lakini juu ya meza palikuwa na feni ya Kinyozi, iliyoletwa jana yake. Aliifungua ili aiondoe haraka njiani. Waya mmoja ulikuwa umekatika. Aliusogeza kwenye mwanga. Waya unaokatika kwa uchovu huchanika, nyuzi zake moja fupi, moja ndefu. Huu ulikatwa sawasawa, na shaba yake iling'aa. Akakumbuka waya wa redio. Akakumbuka wa birika.

Akapiga simu.

"Mpenzi," Kinyozi aliitika.

"Ulikata waya."

Kwa mbali ilisikika redio ya dukani, ile ile aliyoitengeneza Bisibisi.

"Nilikata," Kinyozi alisema.

"Kwa nini?"

"Mkasi mdogo, ule wa ndevu."

"Sikuuliza kwa kitu gani. Nauliza kwa sababu gani."

"Kila anayekuja kwako ana kitu mkononi. Niliona aibu kuja mikono mitupu. Mashine ya kunyolea ilikuwa mbovu kweli, nakuapia. Ilipopona, sikujua nije na nini."

"Mama mdogo alibisha nusu saa leo. Akaondoka."

"Mpenzi..."

"Jioni ulizochukua hazikuwa zangu. Zilikuwa za mama. Feni yako nitaiacha kwa mzee wa mizani, kule uwanjani. Haina ugonjwa."

Akakata. Kinyozi alipiga mara sita, na mara sita simu iliangaza juu ya meza bila kupokewa.

Bisibisi alifanya kazi siku tisa. Kisahani cha kwanza kilipasuka. Akapata kingine ndani ya mdoli wa kuimba. Hakulia, ila mara mbili aliinua mkono wa kushoto kupokea tochi ambayo haikuwepo.

Jumamosi alikwenda uwanjani kutafuta swichi. Mzee wa mizani alimwambia, bila kuulizwa, kwamba kinyozi aliifuata feni yake, akaazima pasi ya kulehemu, akaunganisha waya palepale.

"Aliunganisha vizuri?" Bisibisi aliuliza.

"Vibaya mno. Kama mtu aliyetema bazoka aliyoitafuna. Lakini inazunguka."

Alasiri ile aliibandika taa ukutani, mbele ya kiti cha mama, na kisahani nyuma ya mlango, akafunga skrubu ya mwisho. Alikuwa hajainua mkono kuijaribu, taa ilipowaka, nyeupe, chumba kizima.

Mama aliacha kufuma.

"Kuna mtu mlangoni," alisema, polepole, kama anayesoma habari njema.

Bisibisi alichungulia dirishani. Kwenye baraza la ghorofa, mbele ya mlango, alisimama Kinyozi katika shati lake jeupe, mikono ikining'inia kana kwamba ameiazima. Hakuwa na taulo. Hakuwa na kitu chochote. Akabisha tena, na taa ikawaka tena.

Bisibisi hakusogea.

"Mwanangu, mbona humfungulii?" mama aliuliza, na ghorofa ya chini ikasikia. "Au taa yako inadanganya?"

Bisibisi alimgeukia, ili midomo yake isomeke.

"Haidanganyi, Mama."

Akaiweka bisibisi mfukoni, akaenda kufungua.

"Leo kimeharibika nini?" aliuliza.

"Hakuna," Kinyozi alisema. "Nimekuja tu."