Buti la Marehemu Saady

Buti lilifunguka kabla waya wa mwisho haujaungwa.

Nurudini alikuwa bado ameushika, umechunwa vizuri, shaba inang'aa, mara akasikia *tak!* na mfuniko ukanyanyuka polepole kama mtu anayeamka usingizini. Fundi mwingine angetupa bisibisi akatoka mbio. Lakini huyu ni Nurudini bwana, fundi umeme wa magari, aliyeikimbia shule darasa la sita akidai walimu wanamchelewesha, na ambaye kuanzia Kasulu mpaka Kibondo hakuna gari lililowahi kumshinda. Hayo ni kwa maelezo yake mwenyewe.

Akacheka. "Siku hizi hata umeme unaniogopa."

Kazi yenyewe ilikuwa ya shemeji yake, Mwanaheri. Mumewe, Saady, kaka yake Nurudini, alikuwa mchuuzi wa vitenge, na duka lake lilikuwa buti la gari lake, Carina: leo Kitanga, kesho Rungwe Mpya, mpaka siku alipoanguka mnadani Murungu na kitenge mkononi, asiinuke tena. Sasa Mwanaheri alikuwa ndani, amekaa eda, na mali yote ilikuwa uani kwenye buti. Ufunguo hakutaka kumpa mtu, maana wateja wengine wana mikono mirefu. Ndipo Nurudini akaja na akili zake: atafunga rimoti. Shemeji atakaa nyuma ya pazia la dirisha, wanawake watasimama uani, atabonyeza, buti litafunguka, nao watachagua huku anawaona. Boneti nalo akalitia mota, kwa sifa tu. Ile kebo ya kufungulia kwa mkono, pamoja na kitasa cha ufunguo, akaving'oa akavitupa.

"Hukuacha hata njia ya dharura?" Mwanaheri aliuliza kutoka ndani.

"Dharura ni ya mafundi wa kubahatisha, shemeji."

Sasa sikia kosa lilipokuwa. Kazi ya rimoti hufanywa na watu wawili: mmoja yuko nyuma ya gari, mwingine kiti cha mbele, anangoja aambiwe abonyeze. Miaka yote aliyekaa kiti cha mbele ni Saady. Jioni ile adhana ya magharibi inalia, Nurudini kachuchumaa nyuma ya gari, mawazo yako kwenye waya, na mdomo ukaenda wenyewe kwa mazoea: "Saady, bonyeza! Kaka, bonyeza basi!"

Ndipo buti likajibu.

Marehemu mama yao aliwakataza toka utotoni. Jina la aliyekufa haliitwi magharibi, alisema, kwa sababu saa ile wako wanaozunguka wakitafuta jina la kuitikia.

Tangu siku hiyo, kila jua likizama, buti lilijifungua. Ikaja na harufu ya karafuu, zile alizozoea Saady kutafuna. Nurudini akabadilisha fyuzi. Akachomoa rilei inayopeleka umeme kwenye mota. Mwisho akang'oa betri yenyewe, akaipakia kwenye bodaboda, akaenda kulala nayo kwake.

Kesho yake Esteri, jirani aliyeuza mihogo karibu na ukuta wa ule ua, alimdaka barabarani. "We fundi! Betri umeondoka nayo, na buti limefunguka tena. Boneti nalo linapanda, linashuka, kama mdomo wa mtu anayeongea. Mana yanje, Mungu wangu! Wewe umefunga nini mle?"

"Mama Esteri, hiyo ni springi tu."

"Springi inanong'ona?"

Nurudini akaenda kwa Mwanaheri. Akabisha hodi, akakaa barazani kama ilivyo adabu, na mkono wa shemeji ukapenya kwenye pazia la mlango ukiwa na kikombe cha chai. Nurudini alikitazama kile kikombe, kisha akautazama mkono. Ulikuwa na hina mpya, imepakwa mpaka kwenye kucha, na nyuma ya pazia ilitoka harufu ya udi.

"Shemeji," alisema kwa sauti ya chini, "uko eda. Hina ya nini?"

Mwanaheri akacheka kidogo, kicheko cha bibi harusi. "Kwani nani amekufa?"

Chai hakuinywa. Alikwenda moja kwa moja kwa Shehe Abdulrahmani, akamkuta ana wanafunzi, akangoja mpaka wakatawanyika, akamweleza, na shehe hakumaliza hata kuvaa viatu vizuri. Walipofika uani jua lilikuwa linazama, Esteri kashika kichwa, na buti lilikuwa limefungwa.

"Mwanaheri yumo ndani," Esteri alinong'ona. "Kaingia mwenyewe, kajikunja juu ya vitenge, na mfuniko ukashuka bila kuguswa."

Nurudini akaweka sikio kwenye bati. Ndani walikuwa wawili wakiongea chini chini, kama mume na mke kabla usingizi haujawachukua, yule mwanamke akihema kwa shida, akiomba hewa kidogo tu, na yule mwanamume akimwambia subiri mke wangu, karibu tunafika, na sauti ile Nurudini aliijua kuliko anavyoijua yake mwenyewe, akatafuta kitasa akakuta tundu alilolichimba mwenyewe, akatafuta kebo akakumbuka alivyoitupa huku anapiga mluzi, akachukua tindo na nyundo akapiga mpaka vidole vikachuruzika damu, na bati lile, ambalo siku nyingine lingebonyea kwa kiwiko tu, halikuonyesha hata alama.

"Acha," shehe alisema. "Hilo ni karini la kaka yako, jini aliyezaliwa naye. Mwenyewe kazikwa, hili limebaki halina mwenyewe. Nani aliliita?"

"Mimi."

"Basi nitasoma, lakini wa kulitoa ni wewe. Litamkie ukweli juu ya mwenye jina. Na ujue, likitoka linaondoka na lilichovaa."

Hakuuliza limevaa nini. Huko ndani mwanamke alikuwa ameacha kuomba hewa.

"Nuru," sauti ikaita. Hakuna mwingine duniani aliyemwita hivyo. "Mdogo wangu. Huku giza. Usiseme, Nuru. Usiposema, mimi nipo."

Msibani Nurudini hakulia. Alibeba masufuria, aliwatania wapishi, watu wakasema huyu kijana ana moyo wa chuma, naye akafurahia sifa. Sasa akaiangusha nyundo. Alilala juu ya mfuniko kwa kifua chake chote, mikono ameitandaza, kama anayemkumbatia mtu.

"Saady amekufa," alisema. "Nilimwosha mimi. Nilimfunga kidevu mimi. Nilishuka kaburini nikampokea, alikuwa mwepesi, nikamlaza kwa ubavu wake wa kulia. Kaka yangu amekufa. Wewe si yeye. Toka."

Ndani kitu kililia. Kililia kwa sauti ya Saady, muda mrefu, kisha karafuu ikakatika puani. *Tak.*

Mwanaheri alikuwa hai, amelowa jasho, macho wazi. Alimtazama shemeji yake bila hasira yoyote, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi. "Umemfukuza," alisema tu.

Eda ilipokwisha, Mwanaheri alimwita Nurudini asubuhi moja. Alikuwa na simu mkononi. Siku ile ya Murungu, kabla hajaanguka, Saady alimtumia ujumbe wa sauti. Hakuwahi kuufungua, aliutunza mpaka atakapokuwa na nguvu ya kuusikiliza. Akabonyeza.

Ikasikika mnada. Mbuzi, pikipiki, upepo. Mwanamke mmoja akauliza karibu kabisa na simu, "Hiki cha maua unauzaje?" Pale Saady alipopaswa kujibu, kikafuata kimya kirefu. Halafu yule mwanamke akasema, "Ah, punguza bwana!" Kimya tena, na mwishoni akaangua kicheko, cheko la mtu aliyechekeshwa hasa.

"Alimwambia nini?" Mwanaheri aliuliza.

Nurudini akafungua mdomo. Akajaribu kuisikia kichwani mwake sauti ya kaka yake, hata neno moja, hata jina lake lile dogo. Akakuta pametulia; karini lilikuwa limeondoka na vazi lake.

"Rudisha nyuma," alisema. "Tumsikilize tena anavyocheka."