Mota Ilikuwa Ikilia

Nitegeeni sikio, ninyi mlio na wazazi ambao bado wanashika usukani. Mimi ni fundi wa umeme wa magari, mwanamke pekee katika uwanja wenye gereji sita, na haya ninayowasimulia niliyaona kwa macho yangu. Nina fungu langu la lawama ndani yake, na sitalificha.

Mtaani kwetu alikuwapo mzee tuliyemwita Mpima, kwa kuwa ujana wake wote aliutumia kupima viwanja. Alikuwa mtu wa mambo yaliyonyooka. Shati lake halikukosa pasi, na gari lake jeupe, lenye umri wa miaka thelathini na ushei, lilikuwa safi kuliko mengi yaliyonunuliwa juzi. Kila alipokwenda, mkewe aliketi kando yake. Sokoni walikwenda wawili, kujaza mafuta wawili, hata kuosha gari wawili. Watu wa gereji waliwatania kwamba wao ni chanda na pete. Mimi, ambaye mume alikuwa ameniacha mwaka ule, niliwaonea wivu kidogo.

Asubuhi moja ya Jumanne walifika kwangu. Nilikuwa nimemaliza kufagia, maji ya chai yakichemka jikoni, na uwanja ulikuwa bado umetulia. Nilimwamkia Mpima, akaitikia, kisha akanieleza shida yake. Antena ya gari, ile ya umeme inayopanda yenyewe redio ikiwashwa na kushuka ikizimwa, ilikuwa imegoma siku ya nne sasa, na redio ilikuwa inakwaruza tu. Mafundi wawili walishamwambia kwamba mota imekufa, wakataka kutoboa bodi wamwekee antena ya kawaida. Aliwakatalia. Gari lake halitobolewi ovyo.

Nilianza kama ninavyoanza siku zote, kwenye fyuzi. Ilikuwa nzima. Nikachukua taa ya kupimia, nikagusa waya unaotoka nyuma ya redio kwenda kwenye antena, na taa ikawaka. Basi umeme ulikuwa unatoka. Nikafungua buti, nikabandua kifuniko cha pembeni kinachoficha mota, nikamwomba mama, mke wa Mpima, awashe redio huku mzee akisimama nami nyuma. Mota ikalia. Ilinguruma sekunde kumi hivi, ikanyamaza, na fimbo ya antena haikusogea hata kidogo.

"Umesikia, mzee?" nilimwuliza. "Mota ni nzima, inazunguka bure. Uzi wa plastiki wenye meno, ule unaoisukuma fimbo juu, ndio uliokatika."

Alikuwa ananitazama mdomoni. "Imekufa," alisema. "Hata hailii."

Nilidhani ni kelele za mchomeleaji aliyekuwa akigonga chuma upande wa pili. Nikangoja aache, nikaomba redio iwashwe tena. Mpima aliinamisha kichwa ndani ya buti, sikio karibu kabisa na mota, na ile mota ikalia mpaka mchomeleaji akageuka kutazama. Mzee akainuka.

"Kimya," alisema, na safari hii alikuwa na hasira, kama mtu anayefanyiwa mzaha.

Nikamtazama mkewe kupitia kioo. Naye alikuwa ananitazama, akatikisa kichwa polepole kunikataza.

Mpima alipokwenda kununua gazeti kibandani, mama alishuka akanivuta kando. Alisema harakaharaka, macho yakiwa kule kibandani. Masikio ya mzee yalianza kufifia miaka miwili nyuma. Hospitali alikataa kata kata, kwa kuwa aliamini mtu akishavalishwa kifaa sikioni hahesabiwi tena kuwa mtu. Watoto hawakujua lolote. Barabarani, mama ndiye aliyesikia kwa niaba yake. Honi ikilia nyuma, alimgusa goti mara moja. Pikipiki ikija ubavuni, mara mbili. Likija gari la wagonjwa, alilibana goti kwa nguvu. Ndiyo maana hakumwacha aende popote peke yake, hata siku ambazo presha ilimpanda na kichwa kikawa kinazunguka.

Mwaonaje? Yale tuliyoyaita mapenzi ya uzeeni, kumbe mwenzetu alikuwa zamuni, bila siku ya mapumziko.

"Mwanangu, nisitirie," aliniambia. "Binti yetu akijua atamnyang'anya funguo. Na mzee akikaa nyumbani bila gari atakufa. Namjua."

Yule ni sawa na mama yangu mzazi. Nikaitikia.

Hapo ndipo nilipokosea. Uzi ule ulinichukua siku tisa kuupata, kwenye gari kuukuu lililokuwa linakatwa vipande. Katikati ya siku hizo binti yao, ambaye ni muuguzi, alikuja kwangu kubadilisha balbu ya mbele. Alikaa kwenye benchi langu karibu nusu saa. Aliniuliza hali ya wazazi wake, maana mimi naonana nao mara nyingi kuliko yeye. Neno lilinifika ulimini. Nikamwambia hawajambo, gari lao tu lina kasoro ndogo ya antena. Akacheka, akaniaga, akaenda zake.

Siku ya kuweka uzi, kazi yenyewe ilinionya. Nilifungua nati, nikaichomoa fimbo, nikautumbukiza uzi mpya, meno yake yakielekea kwenye mota. Kuanzia hapo mtu anatakiwa kuzima redio ili mota iuvute uzi ndani. Mpima alikaa kwenye usukani, milango wazi. Nikamwambia azime. Hakuzima. Nikarudia kwa sauti ya juu. Mkewe akamgusa goti, akamwonyesha redio kwa kidole, ndipo akazima na uzi ukaingia. Nikafunga nati.

Antena ilipopanda mzee alifurahi sana. Akasema lazima tuijaribu ng'ambo ya reli, mahali ambapo redio hupotea, na kwamba fundi akague kazi yake mwenyewe. Nilipaswa kukataa. Nikapanda nyuma.

Mama aliketi mbele kama kawaida. Alikuwa amebadilishiwa dawa za presha juzi yake, na nilimwona akipiga miayo kabla hatujafika barabara kuu. Vioo vilifungwa kwa sababu ya vumbi. Redio ilikuwa juu mno hata kifua changu kilikuwa kinatikisika, naye Mpima akazidi kuiongeza. Kivuko cha reli cha pale hakina kizuizi wala mlinzi, kuna kibao tu, na ukuta mrefu wa ghala unaificha njia ya treni mpaka uwe umekaribia kabisa.

Nikasikia honi. Ilitoka mbali, chini ya kelele za redio. Nikautazama mkono wa mama. Ulikuwa mapajani mwake, kiganja kikiwa wazi. Alikuwa amelala.

Nikasema, "Mzee, treni." Akaendelea kuendesha. Nikapiga kelele, nikampiga begani, na Mpima akaniangalia katika kioo akitabasamu. Alidhani nampongeza.

"Sasa inashika vizuri, binti," alisema.

Honi ikalia mara ya pili, na sasa ilikuwa hapohapo. Nilijirusha katikati ya viti nikaivuta breki ya mkono kwa mikono yote miwili. Gari liliserereka, likageuka kidogo, likasimama. Lakini pua yake ilikuwa juu ya reli, na treni ilitokea upande wa mama.

Sina haja ya kueleza mlio ule. Treni iling'oa sehemu yote ya mbele na kutuzungusha hadi kwenye ukuta. Mimi nilipasuka paji la uso. Mpima hakuwa na jeraha hata moja. Mama alibanwa miguu, na watu wa ghala walikata bati karibu saa nzima kabla ya kumtoa. Mguu wa kushoto ulikatwa siku ileile, chini ya goti.

Binti yake alinikuta barazani hospitalini nikiwa na bandeji kichwani. Mzee alikuwa ameshamwambia kila kitu.

"Ulijua siku ile nilipokaa kwenye benchi lako?" aliniuliza.

"Nilijua."

Hakunitukana. Aligeuka, akarudi wodini. Mpaka leo tukipishana njiani hunisalimia, na salamu hiyo ni nzito kuliko matusi.

Wiki hiyohiyo walimpeleka Mpima kwa daktari wa masikio, jengo lilelile, ghorofa ya chini. Kipimo hakikuchukua hata saa moja. Daktari alisema kifaa kingemfaa tangu mwanzo. Wakamvalisha, akapanda ngazi kwenda kumwona mkewe, na alipofika mlangoni wauguzi walikuwa wanamgeuza mgonjwa kitandani. Sauti ya kwanza aliyoisikia sawasawa baada ya miaka miwili ilikuwa ya mkewe, akilia kwa maumivu.

FUNZO

Ndugu zangu, mzazi asiyesikia, au asiyeona vizuri, au ambaye mikono imeanza kumsaliti, anahitaji matibabu, na anahitaji kuambiwa ukweli na wale wanaompenda. Sisi tulinyamaza, na ukimya huo tukauita heshima. Mke alimstahi mume, mimi nikamstahi mama, na mzee akaistahi heshima yake mwenyewe, mpaka hapakubaki mtu wa kumtazama usoni na kumwambia aache kuendesha. Siri ikishakuwa hatari barabarani, si ya nyumba moja tena, maana siku ile kivukoni wangeweza kuwapo watoto wa mtu mwingine. Kama unaye mtu wa namna hii, usingoje ajali ije kuzungumza kwa niaba yako. Mketishe leo, mweleze kwa upole, na akikasirika mwache akasirike. Hasira yake itapoa. Mguu wa mama yule haurudi.