Nondo Iliyokatwa

Saa tatu asubuhi. Chumba cha nyuma, gereji ya matairi. Shoka aliweka simu mezani. Kwenye kioo, picha moja: weusi, wekundu, mistari minne imesimama wima.

"Hiki ndicho tunachoiba?" Fundi aliuliza. "Kuku akikanyaga rangi anachora vizuri zaidi."

"Mnunuzi anasema ina maana nzito."

"Maana gani?"

"Muulize yeye. Kazi yako kufuli." Shoka alimgeukia Shemeji. "Dili kaleta huyu. Mlinzi akienda kula saa saba, mnaingia ukumbi wa maonyesho kwa nyuma. Mnachana turubai la picha, mnalikunja, mnatoka. Mimi niko garini."

Shemeji alitazama sakafu. Fundi alidhani ni woga. Mke wa Fundi alimwacha nyumba yao ilipoungua. Katika ukoo wote wa mke, kaka yake huyu pekee ndiye aliyeendelea kumwita shemeji, naye Fundi alimwita hivyo hivyo.

Saa saba mchana. Kufuli lilikatika kama muwa. Ukumbi mtupu. Picha ilikuwa kubwa kuliko mlango. Fundi alifungua kisu, akaisogelea. Akasimama.

Haikuwa mistari. Zilikuwa nondo za kweli, zilizoungua, zimegandishwa kwenye turubai kwa saruji na majivu. Aligusa kiungo kimoja. Kilikuwa kimevimba upande wa kushoto. Kila mchomeleaji ana mkono wake. Huu ulikuwa wa Fundi mwenyewe.

Mwizi anawajua wezi. Ndiyo maana alifunga nondo kila dirisha la nyumba yake, nene, bila kuacha hata moja la kufunguka. Wezi hawakuingia. Moto ulipoingia, binti yake wa miaka sita hakutoka.

"Shemeji."

"Chana tuondoke."

"Nani kachora hii?"

Shemeji alitazama mlango.

"Nakuuliza wewe!"

"Dada." Akaigeukia picha. "Mnunuzi aliitaka, dada akakataa kuiuza."

"Na wewe ukanileta mimi."

"Ningekwambia ungekataa. Na Shoka ukishamwahidi, hurudi nyuma."

Honi ililia nje. Ikalia tena.

"Tung'oe vyuma, turubai likunjike. Shemeji, tafadhali!" Kaka mtu alishika nondo, akavuta. Majivu yakamwagika sakafuni.

Fundi alimbana ukutani, kisu shingoni.

"Ukigusa tena nakuchinja."

Shemeji alikuwa analia. "Unadhani uchungu ni wako peke yako? Nilikuwa mjomba wake."

Kisu kilishuka chenyewe. Shemeji akakimbia. Gari lilinguruma, likaondoka.

Fundi alibaki. Mlinzi alirudi, akaona mlango, akapiga kelele. Baadaye zikaja buti za polisi. Hakugeuka. Alikuwa amepiga magoti, anazoa majivu kwa viganja.

Alipoinua macho ndipo alipoona katikati ya picha. Nondo moja ilikuwa imekatwa. Si kwa moto. Kwa msumeno wa mkono, taratibu, na mtu asiyejua kukata chuma, maana ulikuwa umeteleza hapa na pale ukaacha mikwaruzo. Ncha zilikunjwa nje. Kwenye uwazi ule ulipita mkono wa kigauni cha njano, ukielekea upande wa nje.

Aliupima uwazi kwa mikono yake. Upana wa mabega ya mtoto.

"Mikono nyuma!"

Akaipeleka nyuma. Pingu zikabana.

"Angepita," alimwambia polisi. "Hebu tazama, afande. Hapo angepita."